Jiko la presha la umeme: kwa nini linachelewa kufika jikoni kwetu?

Kila tunapozungumzia nishati safi ya kupikia katika kipindi cha asubuhi, meseji nyingi za wasikilizaji huwa na swali moja: hilo jiko linakula umeme kiasi gani? Ni wachache sana wanaouliza linafanyaje kazi.

Swali lina uzito wake. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Gesi ndiyo inayosikika zaidi, lakini umeme nao umo. Na kati ya vifaa vya umeme, jiko la presha ndilo linaloelekea kuufaa mlo wetu zaidi, kwa sababu kazi yake ni vile vitu vinavyomaliza mkaa: maharage, makande, supu, nyama ngumu.

Wazo lenyewe ni la zamani mno. Mwaka 1679 Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko uliobana. Mvuke ukizuiwa kutoka, maji huchemka kwa joto linalozidi nyuzi 100, na hata mifupa hulainika. Vyungu vyake vya mwanzo vilipasuka, ndipo akaweka kijitundu cha kupumulia chenye kizibo, ambacho mpaka leo kiko juu ya kila sufuria ya presha. Sufuria za presha za kuweka juu ya moto zilienea Ulaya na Marekani katika karne ya 20, huku hofu ya kulipuka ikiendelea kuzifuata. Jiko la presha la umeme, linalojipima joto na kujizima lenyewe, liliombewa hataza nchini China mwaka 1991. Instant Pot ya Canada, iliyolipa umaarufu Marekani, iliingia sokoni 2010.

Zaidi ya miaka 300, basi, kati ya Papin na jiko linalojizima. Muda wote huo watu walijua mvuke uliobanwa unaivisha haraka. Kilichokosekana ni vifaa vidogo na vya bei nafuu vya kupima joto na presha, ili mpishi aondoke jikoni bila wasiwasi.

Sasa turudi kwenye meseji zenu. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukata linakula uniti 1. Jiko la presha haliwaki hivyo. Likifikia presha linakata umeme, joto likipungua linawaka kidogo, na kuta zake huzuia joto lisipotee kama linavyopotea kwenye jiko la koili. Kwa kawaida sufuria ya maharage huiva kabla uniti moja haijaisha.

Kwa hiyo hofu haina msingi? Hapana, msingi upo, na hili ndilo ambalo matangazo ya nishati safi huliruka. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350. Akiendelea kuzidisha, huhamishiwa T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Zote hizo ni kabla ya kodi na tozo.

Piga hesabu ya kaya inayotumia uniti 50 kwa taa, televisheni na simu. Inalipa shilingi 5,000. Ikianza kupika kwa uniti moja kwa siku, mwezi unafika uniti 80. Ikihamishiwa T1, italipa shilingi 23,360. Uniti 30 za kupikia zimeongeza shilingi 18,360, sawa na shilingi 612 kila moja. Kaya yenye kipato kikubwa, iliyokwisha kuwa T1, inapika kwa shilingi 292. Anayebanwa ni yule yule tunayemwambia aache mkaa. Mama anayeuliza kuhusu uniti kabla ya kuuliza kuhusu presha anajua anachouliza.

Tumeshaona jambo kama hili kwenye taa za sola. Paneli ya silikoni ilioneshwa na Bell Labs, Marekani, mwaka 1954. Miaka 50 baadaye vijiji vyetu vingi bado vilikuwa na kibatari. Paneli peke yake haikutosha. Ilisubiri betri ya lithiamu, ambayo Sony iliiingiza sokoni 1991, kisha LED ya bluu yenye mwanga mkali iliyotengenezwa Japani 1993, ambayo ndiyo iliyowezesha taa nyeupe. Halafu ikasubiri M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007. M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu mwaka 2012, mteja alilipa kidogo kidogo, kama alivyokuwa akinunua mafuta ya taa. Taa yenyewe ilikuwa imeshakamilika. Kilichobaki kilikuwa namna ya kuilipia.

Mkaa nao hununuliwa kwa kopo. Jiko la presha linataka fedha nyingi kwa mara moja, halafu linataka fundi. Mpira wa mfuniko ukichakaa, presha haishiki. Dar es Salaam utaupata, ila Tunduru au Nzega sijui utamuuliza nani. Umeme wa kuzalisha umeongezeka, kwani Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115, lakini jioni umeme ukiwa mdogo kwenye nguzo ya mtaa, megawati hizo hazimsaidii mpishi. Na ugali? Haufai humo, maana sufuria inayozunguka haisongi ugali. Mkaa au gesi vitabaki pembeni kwa muda, na sioni ubaya wowote.

Mafundi wetu walijifunza redio, wakajifunza simu, hili nalo watalijifunza vipuri vikiwepo. Mpaka wa uniti 75 ni suala jingine, hauondolewi na fundi. Kabla ya kupanga bei mpya EWURA huitisha mikutano ya taftishi, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kusimama na kutoa maoni. Umeme wa kupikia uhesabiwe vipi kwa mteja wa D1? Swali hilo lipelekwe huko, na ikiwezekana lipelekwe na mtu anayepika.