KIJANA WA KEKO, ADUI YAKO SI MCHINA!

Kijana mwenzangu, weka randa chini nikuulize. Hicho kitanda cha sita kwa sita unachokipiga msasa tangu alfajiri, nani atakinunua? Mteja anasimama, anakisifu, anauliza bei. Kisha anapanda bajaji kwenda duka lenye kiyoyozi kununua kilichoshuka bandarini juzi.

Jioni kijiweni unawatukana Wachina. Haya, tukana roho itulie. Lakini tumbo litabaki vilevile, kwa sababu aliyekufunga mikono hayuko Foshan wanakotengeneza samani kwa maelfu. Yuko hapa hapa, anapita mbele yako na shangingi, vioo juu.

Wakubwa watakwambia umelindwa. Ni kweli, mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipandisha ushuru wa samani zinazotoka nje hadi asilimia 35. Ahsante. Sasa tazama mkono wa pili unavyonyang'anya. Sponji, gundi, vanishi, msasa, bawaba, vitasa: ukinunua kwenye duka lililosajiliwa, ndani ya bei kuna VAT. Kiwanda kikubwa kinaikata VAT hiyo kwenye kodi yake. Wewe je? Tangu 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Hufiki huko, kwa hiyo yako ikishaingia haitoki. Wanakuita mlalahoi asiyelipa kodi, kumbe unachangia hazina kimya kimya!

Tuje kwenye soko. Umesahau 2016? Watoto walikuwa wanakaa chini madarasani, nchi nzima ikaimba madawati. Bunge likabana matumizi, likatoa shilingi bilioni 6. Kazi walipewa nani? JKT na Magereza! Sina ugomvi na askari wetu. Lakini ndugu yangu, Gereza la Keko ni jirani yako. Yaani katika soko huria la Tanzania, mfungwa alipata oda na raia huru mwenye msumeno wake akabaki anapiga miayo. Oda ile ingegawiwa kwa karakana za Keko, Gongo la Mboto, Mwanza na Mbeya, leo ungekuwa na mashine.

Na mkopo? Sheria inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Mwaka 2023 ikasimamishwa baada ya CAG kufichua madudu kwenye marejesho, ikaanza tena 2024. Fundi aliyekuwa na oda mkononi aambiwe nini mwaka ule mzima? Asubiri?

Lakini tusidanganyane, gazeti hili halikuandikwi ili kukupaka mafuta. Na wewe una lako. Unatengeneza kabati kwa mbao mbichi. Kiangazi kikipiga, mlango unapinda, droo inagoma. Mteja hakulaani peke yako, analaani "mali ya Keko". Mwenzako wa Foshan anakausha mbao kwenye tanuru kabla hajaigusa, na miguu elfu ya meza inatoka kwa kipimo kimoja. Peke yako huwezi kununua tanuru. Karakana kumi mnaweza, zikiungana, na mkaomba zabuni kwa jina moja kupitia mfumo wa serikali wa NeST. Umoja huo wa mafundi hauhitaji ruhusa ya kigogo yeyote.

Ukishafanya lako, dai lako. SIDO iliundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama chako. Nenda uulize, tanuru la mafundi wa Keko liko wapi? Diwani akija na fulana na kofia, usimuulize ataleta kofia ngapi. Muulize viti vya ofisi ya kata vilinunuliwa wapi, meza za halmashauri zilitoka wapi. Mwambie ageuze kiti alichokalia, asome chini kimeandikwa nini.

Akikosa jibu, fulana pokea, ufutie vanishi. Kura ni mali yako, usimpe.