Jina la Chuo Halizibi Jino

Jumapili moja mwezi uliopita, katika kanisa la Kampemba, hapa Lubumbashi, lililojaa wazazi waliokuja kumshukuru Mungu kwa watoto wao waliopata diploma ya serikali, nilimsikia mhubiri, mtu ambaye katika mambo ya dini namstahi sana, akimsema mimbarini, pasipo kumtaja jina lakini kwa namna iliyofanya kila jicho limtafute, binti mmoja wa Bel-Air anayekusudia kusomea uganga wa meno, ambaye, ingawa jamaa zake walimtafutia nafasi Kinshasa, amechagua kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kwa sababu mama yake ni mgonjwa na shangazi yake anaishi huko. Mhubiri alisema kwamba Ibrahimu hakuambiwa akae karibu na jamaa zake, kwamba jina jema hung'ara gizani, na kwamba kijana anayeacha chuo chenye sifa kwa ajili ya jikoni kwa mama yake ameizika talanta yake ardhini. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, na hasira niliyotoka nayo kanisani haijapoa hata leo.

Haijapoa kwa sababu maneno hayo si ya mhubiri peke yake. Ni itikadi ya mji mzima. Naisikia katika mabasi yaendayo mjini, katika vikao vya ukoo, na katika vinywa vya watu ambao hawakupata kuona chuo cha uganga wa meno hata kwa nje. Itikadi hiyo yasema kwamba sifa ya chuo ndiyo ya kwanza, mahali pake ni jambo la baadaye, na jamaa, yaani mama anayeugua, mchumba anayengoja, shangazi mwenye chumba cha ziada, ni kamba zinazomfunga kijana miguu. Nasema kwamba itikadi hiyo ni batili kwa elimu yoyote, na kwa mintarafu ya uganga wa meno ni batili mara mbili.

Uganga wa meno ni kazi ya mkono. Mwanafunzi anayetaka kuziba gego la juu hulitazama katika kioo kidogo, na katika kioo hicho mambo yote yamepinduliwa, hata mkono wake upaswao kusogea mbele huonekana unarudi nyuma. Atakosea, atarudia, na siku moja vidole vyake vitazoea, na hapana kitabu kiwezacho kumfupishia safari hiyo. Akitaka kulitia ganzi taya la chini, hana budi kuupapasa mfupa kwa kidole gumba, kisha kuipeleka sindano mahali ambapo jicho halifiki, pale mshipa wa fahamu unapoingia ndani ya mfupa wa taya. Akipotea kidogo tu, mgonjwa atapiga kelele chombo kitakapogusa jino. Akitaka kung'oa gego la kwanza la juu, atakuta aghalabu mizizi mitatu iliyoachana, na juu yake uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, ambao mkono wa pupa huutoboa. Maarifa haya huanzwa kwa vichwa vya bandia, na hukamilishwa katika vinywa vya watu walio hai, mwalimu akiwa amesimama nyuma ya bega la mwanafunzi, tayari kumshika mkono kabla hajaharibu. Hakuna aliyejifunza kusonga bukari kwa kulitaja jina la mpishi, wala hatatokea wa kujifunza kuziba jino kwa kulitaja jina la chuo.

Basi swali la kuuliza ni moja, nami nitalirudia mpaka wazazi wa Kampemba wanichoke: mtoto wangu atatibu vinywa vingapi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho ya mwalimu, kabla ya kupewa cheti? Swali hilo huzaa mengine. Kuna viti vingapi vya wagonjwa? Wanafunzi wangapi hukigombea kiti kimoja? Wagonjwa huja kila siku, au huja siku za wageni rasmi? Umeme ukikatika, jambo ambalo sisi wa Lubumbashi, tunaokaa juu ya shaba ya dunia na kulala katika giza, hatuhitaji kuelezwa, mashine husimama kutwa au kuna jenereta? Chuo kinachoyajibu vyema maswali hayo ni chuo bora, hata kama mjomba wako hajawahi kukisikia. Chuo kisichoweza kuyajibu ni jumba tu, hata kama picha yake imetundikwa katika kila sebule.

Tena, sifa hii tunayoisujudia ni kitu gani? Chuo kikuu cha mji wetu kiliundwa mwaka 1955 kwa amri ya Wabelgiji, kikafunguliwa mwaka 1956 kikiitwa chuo rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikiunganisha na chuo cha Lovanium cha Kinshasa na chuo cha Kisangani, vyote vikawa Chuo Kikuu cha Taifa la Zaire, na vitivo vikahamishwa kutoka mji hadi mji kwa kalamu. Mwaka 1981 amri nyingine ikavitenga tena, na hapo tukapata Chuo Kikuu cha Lubumbashi tunachokijua. Katika muda wa miaka ishirini na sita majina yaligeuka mara kwa mara, ilhali mwalimu hodari alibaki hodari na mzembe alibaki mzembe. Jambo linaloweza kubadilishwa kwa saini ya mtu mmoja halistahili kuwa nguzo ya maisha ya mtoto wako.

Tazameni pia jirani zetu. Nairobi ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, Dar es Salaam, pale Muhimbili, mwaka 1979, na Chuo Kikuu cha Copperbelt kiliianzisha shule yake ya uganga pale Ndola mwaka 2011, na uganga wa meno ukiwa miongoni mwa masomo yake. Kila kimoja cha vyuo hivyo kilikuwa na siku yake ya kwanza, na siku hiyo hakikuwa na sifa yoyote. Wanafunzi wa kwanza waliingia mahali pasipo na wahitimu wa kujisifia, wakashika vyombo, wakatibu watu, na kwa mikono yao sifa ikazaliwa. Hata kabla ya hapo, wale wasaidizi wa waganga wa zama za Wabelgiji, akiwamo Jason Sendwe ambaye hospitali yetu kubwa inaitwa kwa jina lake, walinyimwa cheo cha daktari, na pamoja na kunyimwa huko wagonjwa walitibiwa kwa mikono yao. Sifa hufuata kazi. Anayeanza kwa kuitafuta sifa ameishika njia kwa mwisho wake.

Mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, nililipeleka gego langu kwa daktari ambaye ukuta wake ulipambwa kwa cheti cha chuo cha Ulaya ambacho jina lake hutamkwa kwa taadhima. Alivuta mpaka jasho likamdondoka juu ya shati langu, mzizi ukavunjika ndani, naye akaniambia nirudi baada ya juma. Sikurudi. Nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye sikuona cheti chochote ukutani kwake, akaupapasa ufizi, akanitia ganzi, akakitoa kipande kilichobaki huku akinisimulia habari za wajukuu zake. Nilipomuuliza amejifunzia wapi ustadi ule, alinijibu kwamba ni kwa wagonjwa. Tangu siku hiyo sijaona burhani yenye nguvu kuliko hiyo.

Kuna wanaonijibu kwamba binti akisoma Ndola, ambako masomo ni kwa Kiingereza, atakiharibu Kifaransa chake. Naona aibu kwa niaba yao. Jino linalouma usiku wa manane halina Kifaransa wala Kiingereza, na mtu aliyevimba shavu huko Bongonga au Tshamilemba hamuulizi daktari amesomea wapi. Huuliza kama ataumia, na atalipa kiasi gani. Ikiwa lugha ndiyo hoja, basi hoja hiyo inawageukia wao wenyewe, kwa sababu mgonjwa wa Kinshasa ataeleza uchungu wake kwa Kilingala, wa Dar es Salaam ataueleza kwa Kiswahili, na wa Ndola kwa Kibemba, ambacho nusu ya majirani zangu hapa Kampemba wanakisema tangu utotoni.

Na mahali, je? Kinshasa iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa kwa njia ya anga. Anayekosa nauli ya ndege hupanda treni mpaka Ilebo na kungoja meli ya mto Kasai, na mama mgonjwa hangoji meli. Ndola iko karibu kuliko Kolwezi. Binti atamwona mama yake kila likizo, atakula kwa shangazi yake, atalala pasipo hofu ya mwenye nyumba, na asubuhi mkono wake utakuwa mtulivu. Watu wasemao kwamba jamaa ni mzigo hawajapata kumwona mwanafunzi mwenye njaa akishika chombo chenye ncha kali ndani ya kinywa cha mtu. Mkono wake hutetemeka. Jamaa ni sehemu ya chuo, tena ni sehemu ambayo waziri hawezi kuifunga wala mgomo wa maprofesa kuisimamisha.

Wala nisiwasahau mawakala wenye mabango, wauzao nafasi katika vyuo vya nchi za mbali kwa wazazi waliolewa majina. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2022 vita vilipozuka Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika kwa maelfu, wengi wao wa uganga, na Wakongo miongoni mwao, walitembea katika baridi kuelekea mpaka wa Poland, na wakala hakuonekana mpakani. Wala nisizisahau fedha tunazozimwaga kwa bia na muziki siku matokeo yanapotoka, watoto wamepakwa poda nyeupe kichwani hadi shingoni, ilhali fedha hizo zingemnunulia mwanafunzi wa meno vyombo vyake vya mwanzo.

Haya si mambo ya kujifurahisha kwa mabishano. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na katika kanda yetu ya Afrika hafiki hata mganga mmoja wa meno kwa kila watu 10,000. Hapa kwetu mtu humeza vidonge vya dukani mpaka jino limeoza lote, kisha huja akiomba ling'olewe tu. Nchi iliyo katika hali hiyo inahitaji mikono iliyofunzwa, na inaihitaji hapa. Kijana aliyetupwa mbali na kwao kwa ajili ya jina huzoea huko mbali, na jina lile lile lililompeleka ndilo litakalomzuia kurudi, kwa sababu ataambiwa kwamba Kampemba ni mahali padogo mno kwa cheti chake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kumpangia mwanao, panda basi uende ukione hicho chuo kwa macho yako. Usiombe kuonyeshwa lango wala ukumbi wa mahafali. Omba kuonyeshwa chumba cha wagonjwa siku ya kazi, uvihesabu viti, uwahesabu wanafunzi, umtafute mwalimu uone kama yupo. Kisha uliza mwanao atalala wapi na atakula kwa nani. Majibu yakiwa mema, mpeleke na umwombee, jina la chuo liwe lolote. Yakiwa mabaya, mrudishe nyumbani, hata kama mji mzima utakucheka.