Nyumba ya umma, ufunguo wa nani?

Ndugu msomaji, ukipita Kaloleni karibu na mnara wa mwenge utaona jengo dogo la zamani ambalo sasa ni makumbusho. Usilidharau. Lilikuwa ukumbi wa ustawi wa jamii, ukumbi wa wananchi wa kawaida wa mji huu. Ndani yake, kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa na kupitisha Azimio la Arusha. Na moja ya masharti yake kwa viongozi lilikuwa hili: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha.

Soma tena. Asiwe na nyumba ya kupangisha! Sharti hilo lilitoka hapa hapa Arusha. Mwaka 1991 wakubwa wakaenda kulilegeza Zanzibar, na tangu hapo ni ruksa. Hatusemi kiongozi alale nje. Tunauliza tu: mwenye fremu akipewa kazi ya kusimamia fremu za umma, nani anamsimamia yeye?

Swali hili linakuhusu wewe kijana wa Ngarenaro, Unga Limited, Sombetini na Kijenge. Wewe ndiye unayetafuta kibanda cha kuanzia maisha. Unajua mchezo unavyochezwa. Kibanda ni cha halmashauri, lakini mkataba uko kwa mjanja ambaye hujawahi kumuona akiuza hata kiberiti. Yeye analipa kodi ya halmashauri, ambayo ni ndogo. Wewe unamlipa yeye, na kodi yake haina huruma. Tofauti ya hapo katikati haijengi choo cha soko wala haisawazishi kiwanja cha mpira cha mtaa. Inaingia mfukoni. Si Arusha peke yake, maana ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikirudia wimbo wa halmashauri zenye mikataba mibovu na kodi zisizokusanywa.

Tazama nyumba. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kumkabidhi Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji wa mjini Arusha akawa na mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam, na diwani wake akawa hana kauli. Kisha mwaka 2002 serikali ikaanza kuwauzia watumishi wake nyumba zake yenyewe, maelfu kwa maelfu nchi nzima. Uliulizwa wewe? Sisi hatukuulizwa.

Tazama na uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mzee yule alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Uwanja una jina la meya, lakini meya wa Arusha hana ufunguo wake! Ni mali ya CCM, kama ilivyo Kirumba kule Mwanza na Sokoine kule Mbeya. Enzi ya chama kimoja, kuanzia 1965 hadi 1992, chama na nchi vilikuwa kitu kimoja, na jasho la kila mwananchi lilihesabiwa kuwa jasho la chama. Vyama vingi viliporudi, jasho halikugawanywa. Desemba 2017 CCM wenyewe waliunda tume ya Dk. Bashiru Ally kuhakiki mali za chama. Vizuri. Lakini pale chama kilikuwa kinajikagua chenyewe. Mwananchi aliyechangia atakagua lini?

Sasa tusidanganyane. Mji huu umemwaga damu kwa ajili ya kiti cha meya. Tarehe 5 Januari 2011 watu waliuawa kwa risasi za polisi baada ya uchaguzi wa umeya kuvurugika. Mwaka 2015 upinzani ukaichukua halmashauri, na kabla ya miaka mitano kwisha baadhi ya madiwani walikuwa wameshahama chama. Fundisho ni nini? Kubadilisha rangi ya shati la diwani si dawa. Shati hubadilishwa usiku mmoja. Dawa ni ile ambayo hata diwani akihama, yenyewe inabaki ukutani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunachotaka ni daftari hilo. Halmashauri ya Jiji ibandike katika kila ofisi ya kata orodha ya kila nyumba, ukumbi, kiwanja na kibanda cha umma: nani amepanga, analipa shilingi ngapi, mkataba unakwisha lini. Kama diwani au ndugu yake yumo, tumsome. Mwenye mkataba asiyefanya biashara mwenyewe anyang'anywe, apewe yule anayeungua jua.

Nawe usikae kijiweni kusubiri. Baraza la Madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na milango yake iko wazi kwa mwananchi. Nenda ukakae, uone nani anasinzia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika barua kuomba taarifa, nao wana siku 30 za kukujibu. Andikeni vijana kumi, ishirini, mtaa mzima. Barua moja hutupwa kapuni, ila barua mia zinahitaji kabati.

Mtu akikwambia karatasi haifanyi kitu, mwoneshe Mlima Meru. Mwaka 1951 mkoloni aliwafukuza Wameru Engare Nanyuki na kuwachomea nyumba. Hawakuwa na bunduki. Walichangishana senti zao, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, na malalamiko yao mkononi. Dunia nzima ikawasikia.

Wazee wale walifika New York. Wewe unashindwaje kufika ofisi ya kata?