Mbegu ya Jangwani Haihesabu Mvua Pekee

Na Rehema Mwadime

Msimu wa mvua ukikaribia, mazungumzo yetu kuhusu kurejesha nyasi katika nyanda kame hugeuka kuwa mazungumzo ya milimita. Itanyesha kiasi gani? Itaanza lini? Maswali hayo ni ya haki, ila yanashika nusu tu ya jambo. Mbegu ya jangwani ikishapata maji hupima pia joto la udongo ilimolala. Lisipoifaa, hubaki imelala na maji yake.

Aliyelidhihirisha jambo hili ni Frits Went, mtaalamu wa mimea kutoka Uholanzi aliyefanya kazi California. Katika miaka ya 1940 alichota udongo wa juu katika jangwa la Joshua Tree, akaumwagilia maji katika vyumba vyenye joto tofauti. Penye ubaridi wa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ilichipua mimea ya msimu wa baridi peke yake. Penye nyuzi 26 hadi 30 ikachipua ile ya msimu wa joto, na ya baridi haikuonekana. Udongo ulikuwa uleule, na mbegu za aina zote mbili zilikuwamo tangu mwanzo.

Fikiria faida yake. Mche wa msimu wa baridi ukidanganywa na mvua ya Julai ukachipua, jua litaukausha kabla haujazaa mbegu hata moja. Uhai wa ukoo mzima unategemea kutokosea msimu. Tena joto huanza kazi mapema, mvua ikiwa bado mbali. Mbegu nyingi za mimea hiyo zikianguka baada ya majira ya baridi haziwezi kuota hata ukizimwagilia kila siku. Ni lazima zipitie miezi ya joto kali katika udongo mkavu, na joto hilo ndilo linalozilegezea usingizi. Zikishakuwa tayari, bado haziondoki zote. Nyingine hubaki ardhini kwa miaka, hivyo msimu mbaya mmoja haumalizi kizazi.

Karibu na mji wa Tucson, Arizona, watafiti wamekuwa wakihesabu mimea midogo ya msimu wa baridi tangu 1982. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ambayo kila anayezungumzia tabianchi angepaswa kuyajua. Eneo lile limezidi kupata joto, lakini mimea iliyoongezeka ni ile inayostahimili baridi. Mvua za kuotesha zimekuwa zikichelewa, zikifika wakati baridi imekwisha kuingia, na siku ya kuota ndiyo iliyoamua nani astawi. Ukiangalia wastani wa joto la mwaka mzima, ungetabiri kinyume kabisa.

Najua msomaji wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, atasema kwake ni joto mwaka mzima, hakuna baridi ya kungojwa. Ni kweli, karibu na ikweta misimu haitofautiani kwa joto kama kule. Lakini Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Marsabit uko mlimani, zaidi ya mita 1,300. Mbegu iliyozoea joto la mji mmoja haina sababu ya kuridhika na la mwingine. Zaidi ya hayo, joto tunalotangaziwa hupimwa hewani, kivulini, karibu na kimo cha kifua cha mtu. Mbegu iko chini, juani, katika udongo usio na nyasi ambao saa nane mchana huwaka kupita hewa hiyo kwa mbali. Tunapanda kwa kipimo cha mahali ambapo mbegu haipo.

Chukua Cenchrus ciliaris, nyasi ambayo Wakamba huiita ndata kivumbu. Hapa kwetu ni rafiki wa mfugaji, na ni miongoni mwa zile zinazopandwa kufufua malisho yaliyoharibika. Mbegu zake mbichi huwa zimelala. Zinahitaji kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa ndipo ziote vizuri. Anayezivuna na kuzimwaga wiki hiyohiyo anajiharibia. Aina moja yake iliyotoka nyanda za Turkana ilipelekwa Marekani kwa ajili ya malisho. Katika jangwa la Sonora, ulipo mji ule wa Tucson, nyasi hiyo ilikuta joto inalolipenda, ikaenea bila kizuizi. Inapokauka hubeba moto mkali, na mipungate mikubwa ya kule haikuumbwa kuuhimili. Leo watu wa kujitolea wa Tucson huing'oa kwa mikono. Hivyo ndivyo mbegu inavyoweza kugeuka janga ikihamishwa na watu wasiouliza joto la inakokwenda.

Ninaziomba kaunti na mashirika yanayonunua mbegu kwa magunia yafanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Nunueni mbegu kwa wakusanyaji wa eneo lilelile, au la kimo na joto linalofanana. Andikeni tarehe ya kuvuna juu ya kila gunia. Chomekeni kipimajoto udongoni, sentimita moja au mbili chini, alfajiri na mchana, kabla ya kupanda na wiki zinazofuata. Wekeni akiba, msimwage zote kwa mvua ya kwanza. Nanyi wafugaji mnaoshirikishwa katika miradi hii, kabla hamjakubali gunia lishushwe, ulizeni mbegu hizo zimetoka wapi na zilivunwa lini.