Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" lina kasoro ambayo mwalimu yeyote wa sarufi angeiona mara moja: limetaja kitendo, likamficha mtendaji. Nyimbo zilipendwa, lakini zilipendwa na nani, na lini? Katika vituo vingi vya redio vilivyochipuka nchini baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, jibu la swali hilo halitolewi na historia ya muziki wala na masikio ya wazee. Linatolewa na mwenye tangazo la sabuni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtu hushikwa na nyimbo za ujana wake, na mfanyabiashara humtaka mtu aliye katika umri wa kununua. Basi mpanga vipindi humlenga msikilizaji wa miaka 40 au 45, hurudi nyuma hadi siku alipokuwa na miaka 18, na kutua hapo. Kila mwaka unapopita, mpaka husogea mbele. Ndiyo maana Bongo Fleva ya mwanzo wa miaka ya 2000 imekwisha kuvishwa kanzu ya uzee, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah imeachwa nje ya mlango. Aliyekuwa na miaka 20 Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965 leo amekwisha kufika 80. Haonekani kuwa mnunuzi. Kwa hiyo hahesabiwi kuwa msikilizaji!

Mtindo huu si mgeni duniani. Huko Marekani wafanyabiashara huwahesabu hasa watu wa miaka 25 hadi 54. Kituo cha WCBS-FM cha New York, kilichopiga nyimbo za kale tangu mwaka 1972, kiliziacha ghafla Juni 2005; kilipozirejea Julai 2007, zile za miaka ya 1950 zilikuwa karibu zimetoweka. Lakini Wamarekani wana santuri zao madukani na majumbani, na kinachoachwa na redio hakipotei.

Tanzania haina anasa hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka kutoa santuri ilitazama Nairobi. Kazi nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, na kwa nyimbo nyingi kanda ya redio ndiyo nakala pekee. Wimbo wa namna hiyo usipopigwa redioni, ni kama haukupata kuimbwa.

Wako watakaodai kwamba kituo cha binafsi hakilishwi na serikali, na hakina budi kumridhisha anayekilipa. Hoja hiyo ina uzito, ingawa masafa kinayoyatumia ni mali ya umma. Shirika la utangazaji la umma, lililozirithi kanda hizo, halina udhuru huo hata kidogo. Likipima miaka kwa rula ya wauza sabuni, litakuwa limewanyang'anya wananchi kitu walichokwisha kukilipia. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi Jazz ilikuwa ya Jeshi la Polisi.

Maofisa wanaohusika na muziki katika shirika hilo wanapaswa kupanga vipindi kwa muongo, wakianzia miaka ya 1950, na kutaja mwaka, bendi na mtunzi kila wimbo unapopigwa. Tena vipindi hivyo viwekwe saa ambazo wazee wako macho, si usiku wa manane.