Baba Yu Hai, Ada Hakuna

Dirisha la maombi ya mikopo likifunguliwa, steshenari za mjini hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Ndani mna vyeti vya kuzaliwa vinavyosubiri uhakiki wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na, kwa waliofiwa, cheti cha kifo cha baba au mama. Karatasi hiyo ina uzito wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nchini Tanzania, HESLB, huwapa kipaumbele yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, na kila kundi lina nyaraka za kujithibitisha.

Sasa mchukue binti ambaye baba yake yu hai. Jina la mzee limo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwenyewe ana kazi na mji mwingine huko Mbeya, na simu ya bintiye hapokei. Binti huyu hana karatasi ya uzito ule. Kifo kina cheti, kutelekezwa hakuna.

Hofu ya wakubwa naielewa. Fedha hazitoshi, na siku neno tupu la mwombaji litakapokubalika, nusu ya nchi itakuwa imetelekezwa. Wapo kina baba wenye magari mawili ambao wangejificha kwa furaha. Hata Marekani wanalihofia hilo: mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye chini ya miaka 24 kwa kawaida hupimwa kwa kipato cha wazazi, na mzazi kugoma kulipa si sababu tosha ya kumwondoa kwenye kipimo hicho. Ila ofisi ya misaada ya chuo inaweza kusikiliza shauri la mtu mmoja mmoja. Aliyetelekezwa au kukimbia ukatili huleta barua ya mwalimu, ya mchungaji au ya ofisa ustawi, na akiaminika huhesabiwa kuwa anajitegemea.

Mashahidi wa namna hiyo hata sisi tunao. Ofisi za ustawi wa jamii katika halmashauri zetu zina majalada ya kina mama waliokwenda kudai matunzo ya watoto. Mwombaji ambaye jalada lake lilifunguliwa akiwa darasa la tatu hakujitelekeza kwa ajili ya bumu, yaani fedha za mkopo. Bodi ingeandika waziwazi kwenye mwongozo wake kwamba jalada hilo lina nguvu sawa na cheti cha kifo.

Tena huu ni mkopo, si sadaka. Binti akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na baba hatakatwa hata senti. Wakati wa kulipa ni mtu mzima. Wakati wa kuomba ni mtoto wa fulani.

Wanabaki wale ambao mama zao hawakwenda kushtaki popote, kwa aibu au kwa kuogopa kipigo. Hao ndio wagumu zaidi, na kwao ningeanzia shuleni: mwalimu mkuu anajua nani alikuwa akija kulipa michango, na nani alikuwa akirudishwa nyumbani.