Bibi hana kosa: juu ya wanaofukuzwa kwa kuzaa wasichana

Katika vitabu kama hiki tunapenda kusifu desturi za wazee wetu, na ni haki: heshima kwa mkubwa, kusaidiana kwenye kilio, kugawana chakula. Lakini si desturi zote za kutunzwa. Huku kwetu Karuba, na Masisi yote mpaka Walikale, iko moja ambayo lazima tuiseme wazi. Bibi akizaa wasichana watupu, watu wanasema tumbo lake ni baya. Mama mkwe ananung'unika, familia inakaa kikao, bwana anatafutiwa bibi mwingine. Wengine wanarudishwa kwao na mtoto mgongoni.

Hukumu hiyo ni ya uongo, na sisi tuliosoma tunajua.

Chembe za mwili wa mtu zina kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu zimetoka kwa mama, nusu kwa baba. Jozi moja ndiyo inaamua mvulana au msichana. Mwanamke ana X mbili. Mwanaume ana X moja na Y moja. Yai la mama siku zote linabeba X, hana kingine cha kutoa. Mbegu za baba ni za aina mbili: karibu nusu zina X, nusu zina Y. Ikifika ya X, ni msichana. Ikifika ya Y, ni mvulana. Basi, anayeleta tofauti ni nani? Jambo hili Nettie Stevens, mwanamke wa Marekani, alilionyesha tangu mwaka 1905 kwa kuchunguza wadudu wa unga. Zaidi ya miaka 100 imepita!

Mtu akipanda mahindi, atagombeza udongo juu hakuvuna mtama? Na sisi ni wafugaji. Anayetaka ndama wa maziwa mengi anatafuta dume aliyezaliwa na ng'ombe wa maziwa mengi, maana anajua dume analeta nusu yake. Kwa ng'ombe tunamkumbuka baba. Kwa watoto wetu tunamsahau.

Wengine watajibu: «Lakini fulani alioa bibi wa pili, akapata mvulana!» Ndiyo, na bibi wa kwanza angeweza kumpata vilevile. Kila mimba inaanza upya; haiulizi zilizotangulia zilikuwa nini. Kuzaa wasichana wanne mfululizo ni kama nafasi 1 kati ya 16. Maana yake, katika nyumba 100 zenye watoto wanne, karibu 6 zitakuwa na wasichana watupu, bila kosa la mtu. Mimba ya tano, nafasi ni karibu nusu tena.

Tusigeuze sasa shitaka tumpe bwana. Yeye pia hachagui mbegu itakayofika. Hapa hakuna mshitakiwa.

Najua mzizi wa hofu: shamba. Tunasema msichana ataenda kujenga kwa wengine, nani atabaki na udongo na jina la ukoo? Hofu hiyo inaeleweka, lakini haihusu tumbo la bibi, inahusu urithi. Na juu ya urithi, Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inawapa watoto wa marehemu sehemu sawa. Haisemi wavulana peke yao. Kama kuna kesi, tuipeleke pale, tuache kumfukuza mama wa watu.

Wenzangu walimu, wauguzi, na ninyi mliomaliza segondari: somo hili tulilijibu vizuri kwenye mtihani wa serikali. Kwa nini tunanyamaza kwenye kikao cha familia? Mzee hakusoma biolojia, ana sababu yake. Sisi tuna sababu gani? Siku watakapokaa tena kumhukumu dada yetu au shemeji yetu, tuombe neno kwa heshima, tuchore X na Y chini kwa kijiti, tuwaeleze wazee kabla hajafunga mizigo yake.